Riwaya ya Kikristo ya kihistoria: Freretown 1875–1889, nirekebishe nini kabla ya rasimu ya pili?

Karani_wa_Pwani:
Wakuu, habari za leo. Nina rasimu ya kwanza ya riwaya, maneno 58,000. Mhusika mkuu ni binti wa Kiyao aliyeokolewa kwenye jahazi la watumwa na kuletwa Freretown, makazi ya misheni ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, mwaka 1876. Hadithi inaishia Rabai, kituo cha misheni kilimani nyuma ya Mombasa, Januari 1889. Waliosoma wanasema historia "inanukia ya leo", na kwamba sehemu za imani ni kama mahubiri. Naombeni mwongozo kwa mambo matatu: (1) nakagua vipi makosa ya wakati, (2) watu halisi kama mmisheni Price na William Jones, mwalimu wa misheni, niwasemeshe kiasi gani, (3) sura ya 9, binti anapobatizwa, mbona inapwaya? Humo anasalimiwa "Bwana asifiwe", anasimama kutoa ushuhuda, kisha anasoma Zaburi 23 kwa Kiswahili.

Mzee_wa_Nyaraka:
Karani, sura ya 9 imejijibu yenyewe. Imani nayo ina tarehe, kama ilivyo sarafu au nguo.

"Bwana asifiwe" kama salamu, pamoja na kusimama na kutoa ushuhuda wa kuokoka, vimetokana na Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Freretown ilikuwa misheni ya Kianglikana ya CMS, chama cha wamisheni cha Uingereza: kengele, sala za asubuhi na jioni kutoka Kitabu cha Sala, mafundisho, maswali na majibu, ndipo ubatizo. Binti wa 1876 hasimami kusimulia alivyoguswa moyo. Anaulizwa swali, anajibu jibu alilofundishwa, na msomaji ndiye anayesikia kilichojificha chini ya jibu hilo. Usipomruhusu kueleza hisia zake, mahubiri yanakufa yenyewe.

Zaburi umeinakili kutoka Biblia ya Union, ya 1952. Mwaka 1876 Biblia nzima ya Kiswahili haikuwapo, ilitoka 1891. Usiifute lakini. Walimu wengi wa mwanzo walikuwa Waafrika waliokombolewa wakiwa watoto na kusomeshwa India, Nasik karibu na Bombay, na Kiingereza walikijua. Mpe mmoja wao zaburi ya Kiingereza mkononi, aitafsiri papo hapo, akwame kwenye neno "mchungaji", ajaribu "mlisha kondoo", arudi nyuma. Naye binti, aliyetoka bara juzi, Kiswahili chenyewe bado ni cha kubahatisha. Hapo una tukio, si nukuu.

Kwa makosa mengine, chora jedwali: safu ya kwanza sura, ya pili mwezi na mwaka, ya tatu kila kitu kinachoshikwa, kuliwa, kuvaliwa au kulipwa. Kisha kagua safu ya tatu neno kwa neno. Yanayonasa wengi:

– Shilingi. Ilikuja 1921. Wako watumie riale ya Maria Theresa, rupia na pesa.
– Kanga yenye methali. Maandishi hayo ni ya karne ya 20. Mvike merikani au kaniki.
– Reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896. Kwenda Rabai ni mashua kupandisha mkono wa bahari, kisha miguu kupanda kilima.
– Majahazi. Kutoka kusini kwenda kaskazini yanasubiri upepo wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba. Ukimleta binti kutoka Kilwa mwezi Januari, upepo wa kaskazi unampiga nahodha usoni.
– Barua. Mswahili wa Mombasa wakati ule aliandika kwa herufi za Kiarabu.

Bandarini_77:
Naongeza la lugha, maana hapo ndipo riwaya nyingi zinajikwaa. Mombasa ni Kimvita: *ndoo* badala ya njoo, *mato* badala ya macho, *mtanga* badala ya mchanga. Wape wenyeji wa mji maneno matatu manne hivi, yarudierudie. Ukizidisha, msomaji wa Dodoma au Bukavu atachoka ukurasa wa tano. Wamisheni wawe na Kiswahili kingine kabisa.

Jambo jingine: mji mzima ulikuwa wa Kiislamu, na misheni ilikuwa ng'ambo ya maji, Kisauni. Wenye watumwa walikasirishwa na watoro waliokimbilia misheni, na mwaka 1880 ilikaribia kuwa vita. Ukimfanya kila Mwislamu katili na kila mmisheni malaika, umeandika kalenda ya ukutani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 palikuwa na malalamiko juu ya adhabu za viboko ndani ya Freretown yenyewe. Yaweke. Binti aliyetoka kwenye mjeledi wa jahazi akasikia mwingine uani kwa wamisheni, hapo ndipo imani yake inapata kazi ya kufanya.

Mzee_wa_Nyaraka:
Kweli tupu. Kuhusu watu halisi: matendo yao yafuate kumbukumbu, mazungumzo yawe mafupi, na mawazo ya ndani mwachie mhusika wa kubuni. Mfano: Askofu Hannington wa CMS aliuawa Busoga, Uganda ya leo, tarehe 29 Oktoba 1885, na William Jones akaurudisha msafara Rabai mapema 1886 chini ya bendera ya buluu yenye neno *Ichabod*, yaani utukufu umeondoka, 1 Samweli 4. Hiyo ni kumbukumbu. Usiingie kichwani mwa Jones. Mweke binti njiani, aione bendera ikipanda kilima, asijue kusoma neno lile, amuulize aliye karibu.

Ukiwa na Rebmann, mmisheni Mjerumani wa Rabai, popote baada ya 1875, mtoe. Aliondoka mwaka huo akiwa kipofu, akafa 1876.

Karani_wa_Pwani:
Asanteni sana. Rebmann yumo sura ya 4, kwa hiyo sura hiyo naivunja. Na mwisho wa 1889?

Bandarini_77:
Uache. Tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza chini ya Mackenzie ililipa wenye watumwa fidia, na watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni, Rabai ikiwamo, wakapewa vyeti vya uhuru. Ila usiite hiyo mwisho wa utumwa; kwenye pwani ya Kenya ulifutwa kisheria 1907. Mwishoni weka ukurasa mmoja wa maelezo ya mwandishi: nani alikuwapo, nani umembuni, tarehe ipi umeisogeza. Na popote utakapobakiza Biblia ya Union kwa urefu, omba ruhusa kwa Chama cha Biblia kabla mswada haujaenda kwa mchapishaji, si baada.