Mwanafunzi anajikata: mzazi aambiwe?

Mwalimu wa Kadutu: Mwanafunzi wa miaka 14 akionekana na alama za kujikata, naye anaomba nyumbani wasijue, shule ifanye nini? Hapa Bukavu prefe (wakuu wa shule) wengi humpigia baba simu papo hapo.

Muuguzi, Ibanda: Mwalimu, mzazi aambiwe siku hiyohiyo, lakini mtoto ajue kwanza. Usimwahidi siri. Mwambie: "Sitatangaza, ila mtu wa kukulinda lazima ajue." Mtu mmoja azungumze naye pembeni, asilazimishwe kukunja mikono ya shati mbele ya wenzake. Kidonda kibichi kikandamizwe kwa kitambaa safi dakika 10. Damu isipokata, kituo cha afya, na muulizie chanjo ya pepopunda. Kisha muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake kabisa.

Mshauri wa shule: Kweli kabisa. Ila muulize pia nani nyumbani anamwamini. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inamlinda kila aliye chini ya miaka 18, na masilahi yake ndiyo yanatangulia. Kama anayemuumiza ni baba, aitwe shangazi au bibi, na ofisi ya mambo ya jamii ijulishwe.

Simu kwa mzazi iwe ya kumwita shuleni tu. Baba akipata habari akiwa kazini, fimbo inatangulia, na mtoto anajifunza kuficha vizuri zaidi.

Mwalimu wa Kadutu: Na nyumbani wakisema ni mapepo?

Muuguzi, Ibanda: Msibishane. Wamwombee, lakini asifungiwe wala kunyimwa chakula, na wampeleke SOSAME, hospitali ya afya ya akili hapa Bukavu.