Mvinje kwenye kiwanja cha karibu na bahari, niuweke umbali gani na nyumba?

PwaniKijani
Habari wadau. Kiwanja changu kiko mita kama 100 hivi toka baharini, mchanga mtupu, upepo wa chumvi umeunguza karibu kila nilichopanda upande ule unaotazama maji. Nimeamua kuweka mivinje maana iko kijani mwaka mzima, na ule mvumo wake naupenda tangu utotoni. Sasa niuweke umbali gani na nyumba? Fundi kanambia mizizi inazama chini tu haina shida. Halafu ni kweli ni msonobari?

MzeeKitalu
Si msonobari ndugu yangu, unafanana tu. Hizo unazoziona kama sindano ni vijitawi, majani yenyewe ni vigamba vidogoo kwenye viungio, kivute kijitawi kimoja utaona kinaachana pingili pingili. Kuhusu mizizi usimsikilize huyo fundi. Mchanga ukiwa na maji karibu mizizi inatambaa juu juu, na mti wenyewe unapita mita 20, siku ukija upepo mkali unalala mzima mzima. Mimi chini ya mita 15 na ukuta sipandi, na mabomba ya maji nayakwepa kabisa.

MamaMiche
Naongezea hapo kwa Mzee. Ukichimba shimo changanya na udongo kidogo uliochota chini ya mvinje mkubwa, usiache hili, kuna vijidudu humo vinaingia kwenye mizizi vinatengeneza vinundu na mti unajipatia naitrojeni toka hewani, ndo maana unaota hata pasipo na rutuba. Machimbo ya Bamburi kule Mombasa yalianza kupandwa 1971 kwenye matumbawe matupu na mvinje ndo ulioshika, wakaleta na majongoo ya kula yale majani makavu yageuke udongo. Ila mche mchanga umwagilie miezi ya mwanzo, kustahimili ukame kunakuja baadaye.

Kivuli_Safi
Mi nawaunga mkono ila ajue chini yake hakuoti kitu, takataka zake zinajaa zulia zima na zinaziba mifereji ya paa. Wangu niliukata chini nikidhani utachipua, ukafa. Kama unataka uzio anza kuupunguza ncha ukiwa mdogo bado, unakubali sana kukatwakatwa, usisubiri uwe mnene.

PwaniKijani
Asanteni sana wakubwa zangu. Basi naweka mistari miwili upande wa bahari, miche ipishane ili upepo usipate njia ya moja kwa moja, mstari wa mbele nitaukata uwe uzio. Ule mmoja niliokuwa nimeupangia dirishani nauhamishia kule kule.

MzeeKitalu
Hapo sawa. Panda mvua zikianza.