Mawe ya kale: maelezo yakibadilika kila mara, tuwaamini wanaakiolojia?

Mwana Ujiji: Wadau, jana kwenye kahawa kijana mmoja katuambia Stonehenge ya Uingereza, yale mawe makubwa ya kale yaliyosimamishwa kwa duara, tuliyozoea kusikia ni hekalu la jua, sasa inasemwa ilijengwa kuunganisha watu wa kisiwa kizima. Mzee mmoja akatua kikombe: "Hawa wanabahatisha na mshahara wanakula!" Mimi nambishia, ila nusu tu.

Mwaka 2024 wanasayansi walipima chembe za madini za jiwe la tani 6 lililolala katikati pale, wakakuta limetoka kaskazini mashariki mwa Scotland, kama kilomita 750. Ni kutoka Kigoma kukaribia Dodoma kwa reli, na wenzetu hao reli hawakuwa nayo. Hapo sina neno. Ndipo mwanaakiolojia Mike Parker Pearson akasema safari ile ni ishara ya umoja. Hapo ndipo naguna. Jiwe haliwezi kuletwa kwa ubabe?

Mnyamwezi wa Isevya: Ndugu yangu, unawasamehe upesi. Great Zimbabwe je, yale magofu ya mawe kule Zimbabwe? Wazungu walisema Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanon, ndio waliojenga. Mwanaakiolojia Randall-MacIver akawakanusha 1905, akasema ni kazi ya Waafrika, mwenzake Caton-Thompson akarudia 1929, na walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) bado wakang'ang'ania hadithi yao. Huko ni kubahatisha au ni kusudi?

Mwana Ujiji: Kusudi, tena la kutafuta ardhi. Lakini waliowaumbua walikuwa wanaakiolojia haohao. Njoo hapa nyumbani, Engaruka, magofu ya kaskazini mwa Tanzania. Mwanaakiolojia Louis Leakey alifika 1935, akaona mawe yamepangwa mlimani na bondeni, akakisia mji wa watu 30,000 hadi 40,000. Waliokuja baadaye wakafuata mifereji ya maji, wakaona mawe mengi ni kuta na matuta ya mashamba ya umwagiliaji. Mji ukanywea.

Bibi yangu alikuwa na jiwe la kubangulia mise, zile kokwa za michikichi. Lina kishimo katikati, cha kukaa punje moja tu, na kando limeng'aa kwa mafuta ya viganja vyake. Mgeni akilifukua peke yake ataliita madhabahu (mimi mwenyewe ningeliita). Akilikuta na maganda yake, atajua lilikuwa la kazi gani.

Mnyamwezi wa Isevya: Na maganda yakiwa yameoza?

Mwana Ujiji: Tulikuwa tunayachoma jikoni. Yaliyogeuka mkaa hayaozi.

Mnyamwezi wa Isevya: Haya. Basi huo umoja wa Stonehenge, mkaa wake uko wapi?