Nimefika Thailand kufundisha Kiingereza: nianze na lipi?

MwalimuMgeni
Habari zenu, walimu wenzangu. Niliondoka Nakuru juma lililopita, na sasa nipo Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ambako nimeajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Nimeingia kwa viza ya kundi B, lakini kibali cha kazi bado kinashughulikiwa. Jana nilipotambulishwa darasani, wanafunzi zaidi ya 40 walikutanisha viganja na kuniinamia kwa heshima, kisha hakuna aliyejibu swali langu hata moja. Naomba mnieleze nianze na lipi.

Bi_ChiangMai
Pole kwa safari, mdogo wangu. Anza na karatasi. Muulize mwenye nyumba leo hii kama ametoa taarifa yako Uhamiaji kwa fomu ya TM30, kwa sababu sheria inamtaka afanye hivyo ndani ya saa 24 tangu ulipofika, na utakapokwenda kuongeza muda wa kukaa utadaiwa risiti yake. Mimi sikuuliza, nikarudishwa mara mbili. Baada ya hapo, hesabu siku 90 za kukaa mfululizo, maana zikitimia ni lazima uripoti anwani yako. Tena usiiachie shule peke yake suala la kibali: kinatakiwa kiwepo kabla hujaanza kazi, na adhabu humfikia mwalimu pia.

Mwl_Isaan
Naongezea kuhusu ule ukimya, kwa kuwa ndio ulioninyima usingizi mimi. Si dharau. Mwanafunzi anaona aibu kukosea mbele ya wenzake, hivyo ukimsimamisha peke yake siku za mwanzo utamfunga mdomo kwa muda mrefu. Waache waitikie wote pamoja, kisha wazungumze wawili wawili. Jifunze majina yao mafupi ya nyumbani, kwani karibu kila Mthai analo, na hata walimu wao huwaita kwa hayo. Katika matamshi, sauti ya "s" mwishoni mwa neno huwageukia kuwa "t", na "bus" ikasikika "bat", ilhali sisi tuliokulia katika Kiswahili tunaongeza irabu na kusema "basi". Nilipowaonyesha kwanza kosa la kwetu, nao walithubutu kutamka.

MwalimuMgeni
Asanteni sana, dada na kaka. Mwenye nyumba anasema fomu hiyo hajaijaza, na tumekubaliana kwenda naye Uhamiaji kesho asubuhi.