Ushauri: Mwezi gani mzuri kuwaona nyuki wa porini kwenye miombo ya Tabora?

Mgeni_wa_Msitu: Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoijua misitu ya miombo ya Tabora. Nataka kuwaonyesha watu nyuki wa porini, siyo wa kwenye mizinga tu: nyuki wadogo wasiouma, wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na wanaokata majani. Mwezi gani wanaonekana kwa wingi? Nina hofu ya kwenda na kurudi bila kuona kitu. Halafu, mti wenye nyuki wadogo unakuwa na shina nene kiasi gani?

Mtundu: Mkuu, nyuki hufuata maua, na maua huko hufuata mvua, Novemba hadi Aprili. Miti ya mtundu na myombo huchanua kuanzia Septemba kuelekea mvua za kwanza, majani machanga yakiwa bado mekundu. Mninga nao hutoa maua ya njano majira hayohayo, ila hayakai. Ukichelewa unayakuta yamepukutika chini. Muba huchanua baadaye, mvua zikielekea kuisha. Mimi nasema Oktoba. Nyasi zimekauka, shina unaliona mpaka chini. Machi maua ya chini ni mengi mno, lakini nyasi zinafika kifuani.

Bi Makapu: Kabla ya mwezi, tuongelee moto. Nyuki wengi wa porini hawaishi kundi. Kila jike hutaga peke yake, na baadhi hutaga kwenye bua kavu au gogo lililotobolewa na wadudu. Mioto ya kiangazi huteketeza hayo yote, mayai yakiwa ndani. Watu wanachoma msitu Julai, Oktoba wanauliza nyuki wameenda wapi.

Kifuniko: Mleta mada, unakwenda lini, na nani? Umeuliza mwezi kama mtu mwenye nafasi ya kuchagua.

Mgeni_wa_Msitu: Katikati ya Juni. Ni wanafunzi wa klabu ya mazingira, kama thelathini. Likizo ndiyo hiyo na gari tumeshalilipia nusu, kwa hiyo tarehe haibadiliki. Kwani Juni ina ubaya gani? Barabara kavu, hakuna mvua. Tutaingia saa kumi na mbili asubuhi ili tuwawahi.

Kifuniko: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Juni asubuhi ni baridi, na nyuki haruki mpaka misuli yake ya mbawa ipate joto. Saa kumi na mbili mtakuta msitu umenyamaza. Ingieni saa nne, mkatafute upande wenye jua. Juni maua ya miombo yamepungua, kwa hiyo msizunguke ovyo. Tafuteni shamba la mbaazi lililo pembeni ya msitu, kwa kuwa mbaazi ya muda mrefu, ile inayochelewa kukomaa, huchanua wakati huo. Wale weusi wakubwa na wakata majani wanalipenda sana ua lake. Mkata majani utamjua kwa chavua: anaibeba chini ya tumbo, siyo miguuni. Karibu na hapo angalieni majani yaliyokatwa pembeni kwa duara safi, kama yamepitiwa na mkasi.

Mtundu: Na wafundishe kuhesabu mbawa. Kuna inzi wenye mistari ya njano wanaofanana sana na nyuki. Inzi ana mbawa mbili na vipapasio vifupi mno. Nyuki ana mbawa nne na vipapasio virefu.

Shoka Butu: Samahani, mimi siiamini hii habari. Klabu ya wanafunzi unene wa shina wa nini? Hilo ni swali la mtu anayetaka kuangusha mti achukue asali ya nyuki wadogo. Na wanafunzi wametajwa baada ya kubanwa.

Bi Makapu: Hata mimi nilishtuka hapo. Mti ukikatwa, malkia wao hawezi kuruka akahama. Ana tumbo zito. Kundi linakufa.

Mgeni_wa_Msitu: Hapana jamani, sina shoka. Kuna mti tulionyeshwa na mzee mmoja, mwembamba, ndiyo maana nikauliza. Sikutaka kuutaja hadharani.

Shoka Butu: Eleza mlango wake ulivyo.

Mgeni_wa_Msitu: Kibomba cha kahawia kilichochomoza usawa wa kiuno, urefu kama kidole gumba, kinanata ukikigusa. Mdomoni nyuki wamejipanga duara, vichwa nje. Ukipitisha kivuli wanarudi ndani.

Shoka Butu: Sawa, hao walinzi umewaona kweli. Naondoa shaka yangu. Basi usikiguse tena; ni nta na utomvu, kikivunjika siafu wanapata njia. Shina jembamba si tatizo, wanachohitaji ni uwazi ndani. Wanafunzi wasimame ubavuni, siyo mbele ya mlango, sita kwa zamu. Picha sawa, mahali usiandike.

Kifuniko: Thelathini wote wakiwa pamoja, hatari ni nyuki wa asali. Nguo za rangi nyepesi, bila manukato. Wakishambuliwa, wafunike uso wakimbie moja kwa moja mpaka ndani ya gari, wasirukie maji. Mwiba ukwanguliwe papo hapo kwa ukucha. Uliza wazazi mapema nani huvimba mwili mzima au kukosa pumzi akiumwa, huyo abaki.

Mgeni_wa_Msitu: Nimekubali saa nne. Ila dereva anataka kuondoka saa saba.

Kifuniko: Zinatosha. Anzeni na mbaazi, jua likipanda zaidi ndipo mwende kwenye mti.