Tasnifu kuhusu Waburma na mazingira yao: nianzie wapi?

Msomi_Milimani
Wadau, habari za jioni. Andiko langu la uzamili limerudishwa mara ya pili. Nilitaka kuchunguza "Waburma na mazingira yao" kwa kutumia maandishi tu, kwani tangu mapinduzi ya Februari 2021 nchini Myanmar (Burma ya zamani) kwenda vijijini kule ni kuwahatarisha hata watakaonipokea. Msimamizi ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Waburma gani?" Nimelala na kuamka na swali hilo wiki nzima. Serikali yenyewe inatambua makabila 135. Wapo Wabama wa mabondeni na mpunga wao, Waintha wa Ziwa Inle wanaolima nyanya kwenye bustani zinazoelea, Wakaren na Wakachin wa milimani. Kila ninayemwacha naona nimemdhulumu. Nichague vipi?

Bibi_Shamba
Mwanangu, pole, lakini msimamizi hajakuonea. Mimi nilikaa miaka minne na neno moja tu, *taungya*, na sikulimaliza. Kwa Kiburma *taung* ni mlima, *ya* ni shamba la nchi kavu. Ndicho kilimo cha kuhamahama cha milimani. Mwaka 1856 Mjerumani Dietrich Brandis alikabidhiwa na Waingereza misitu ya mitiki ya Pegu, kusini mwa Burma. Wakaren walikuwa wakifyeka na kuchoma. Yeye akapatana nao: limeni mpunga wenu, ila pandeni na miche ya mitiki humo humo, muipalilie. Baada ya miaka michache mkulima anahamia kipande kingine, mitiki inabaki ya serikali. Mpango huo ukaenea duniani. Hata "mfumo wa shamba" wa misitu ya Kenya ni mjukuu wake.

Ila mimi kilichonishika ni shamba likishavunwa. Mkaren huliacha miaka saba, kumi, msitu urudi. Ofisa akipita anaona pori. Mwenyewe anaona shamba lililolala, na wanakijiji wanajua zamu yake ya kulimwa. Mtoto akizaliwa, kitovu chake hutiwa ndani ya kipande cha mwanzi na kufungwa mtini, na mti huo haukatwi. Utasemaje hapo hapana mwenyewe? Sheria ya ardhi ya Myanmar ya mwaka 2012 ilisema: iliziweka ardhi zilizolala kundi moja na ardhi tupu, ili serikali iweze kuzigawa. Marekebisho ya 2018 yakawapa watu miezi sita waombe kibali, la sivyo kifungo hadi miaka miwili. Niliposoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Kimia
Namuunga mkono Bibi, ila mto nao usiusahau. Kaskazini ya Mandalay wapo wavuvi wa mto Ayeyarwady wanaovua pamoja na pomboo. Mvuvi anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti. Pomboo wanakuja, wanawasukuma samaki upande wake, wanaashiria kwa mkia, naye anarusha kimia. Kati ya Mingun na Kyaukmyaung pamehifadhiwa tangu 2005, lakini uvuvi wa kutumia umeme haujakoma, na pomboo wa mto huo hawafiki 100. Wakiisha, ujuzi wa wavuvi hao unaisha nao.

Msomi_Milimani
Bibi, shikamoo, na asante. Kimia, pomboo nimewaandika daftarini kwa siku nyingine. Nachukua shamba lililolala. Kinachonitisha ni kwamba ripoti za misitu ziliandikwa na watu waliomwona mkulima kama mharibifu. Sauti yake nitaipata wapi?

Bibi_Shamba
Marahaba. Zisome hizo hizo ripoti, ukitazama waliyokataza na waliyolalamikia. Mkulima yumo humo, ingawa hakupewa nafasi ya kusema. Kisha ziweke kando ya kazi ya Wakaren wa wilaya ya Mutraw, waliotangaza Hifadhi ya Amani ya Salween, eneo lao la kando ya mto Salween, mwaka 2018. Wao wamechora wenyewe mipaka ya *kaw*, yaani ardhi ya kijiji kwa desturi yao, mashamba yaliyolala yakiwemo. Rasimu ya sura ya kwanza ikiwa tayari ilete hapa, nitaisoma yote.