Wavu wa mbu dirishani unakula mwanga wa mimea?

Mche_Sinza: Habari zenu wakuu. Nakaa Sinza, nina mrehani na pilipili kwenye makopo dirishani sebuleni, miche imerefuka imekonda kama uzi, yote imeinama upande wa nje na majani yamepauka. Maji napima vizuri. Jirani anasema ni wavu wa mbu, lakini mi naona mwanga upo tele. Niutoe?

BabaBustani: Usitoe mkuu, malaria je? Ila kweli unapunguza, wavu wa kawaida unaweza kula hata theluthi ya mwanga, wenye matundu madogo zaidi ndo balaa. Macho yanakudanganya maana yanajirekebisha. Weka app ya kupima mwanga kwenye simu, pima ndani ya wavu halafu nje, utashangaa.

mama_tabata: Mi niko barabara ya vumbi, nilipitisha kitambaa cheupe kwenye wavu kikatoka cheusi tii!! Nikausugua na brashi laini na sabuni ya unga, majani yaliyofuata yakatoka mapana. Anza hapo mdogo wangu.

Kijani255: Dirisha linatazama wapi? Sisi tuko kusini mwa Ikweta, mwezi huu wa 6 jua linapita kaskazini, dirisha la kusini halipati kitu. Na kopo lisogeze karibu kabisa na wavu, ukilirudisha mita moja tu ndani mwanga unashuka vibaya. Pilipili inataka jua lenyewe masaa 6 hivi.

Mche_Sinza: Kusini, na mbele kuna ukuta! Asanteni sana, jioni naosha wavu, pilipili naihamishia barazani.